Jiko la umeme la kuchomea nyama: hesabu inaanzia kwenye LUKU

Wafanyabiashara wa chakula wa Magomeni, Kilosa, wanaofikiria kuacha mkaa na kununua jiko la umeme la kuchomea nyama, ambalo madukani huitwa grili, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya jiko lenyewe. Swali hilo ni la haki, lakini ni la tatu kwa uzito. La kwanza ni kundi la bei ambalo umeme wa mahali pa biashara unalipiwa. La pili ni kama nyaya zilizopo zinaweza kubeba mzigo huo. Atakayekosea hayo mawili atanunua jiko zuri na bado litamla mtaji kidogo kidogo. Huenda asijue hadi mwezi wa tatu, atakapoona mauzo ya mishikaki hayajashuka ila faida haionekani.

Makala haya yanawalenga watu watatu: mwenye banda la chipsi na mishikaki Magomeni anayetumia umeme wa nyumba yake, mwenye gesti au baa Kilosa mjini anayetaka kuchoma ndani bila kuwafukizia wageni moshi, na mwenye mgahawa wa Mikumi anayewauzia abiria wa barabara kuu ya Iringa na Zambia. Watatu hawa hawahitaji jiko la aina moja, na mmoja wao, kwa maoni yetu, hahitaji kuharakisha kununua.

Hamu ya majiko haya ina sababu zake. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa miaka 10, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kabla ya hapo, taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mwezi Februari mwaka huo huo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kwenye gridi, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikakamilika, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Kilosa nayo, tangu katikati ya mwaka 2024, ina treni ya umeme inayosimama stesheni yake ya reli ya kisasa. Mtu akijumlisha habari hizo zote anaona mkaa umefikia mwisho na umeme ni wa bei poa.

Hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Agizo la Januari 2024 liliwahusu wapikaji wa taasisi, si mchoma mishikaki wa pembeni mwa soko. Na sifa ya umeme kuwa nafuu jikoni imetokana zaidi na jiko la presha la umeme, lile la kupikia maharage na makande. Jiko la presha limefungwa pande zote, joto halitoki, na likishapata moto hujizima kwa muda mrefu. Jiko la kuchomea ni kinyume chake. Limeachwa wazi kwa makusudi, linatakiwa kukausha uso wa nyama hadi ugeuke kahawia, na linakaa limewaka likimsubiri mteja. Anayechukua hesabu ya maharage na kuihamishia kwenye nyama choma anajidanganya kabla hajafika dukani.

HESABU YA UNITI

Bei za umeme ambazo EWURA ilizipanga mwaka 2016 ziliwagawa wateja wadogo katika makundi mawili yanayomhusu msomaji wetu. D1 ni ya nyumba zenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi: Sh. 100 kwa uniti, na kila uniti inayozidi 75 ni Sh. 350. T1 ni ya matumizi ya kawaida, biashara ndogo zikiwemo: Sh. 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, uniti ya D1 inakuwa Sh. 122, ya D1 iliyozidi Sh. 427, na ya T1 karibu Sh. 356. Kwa uhakika zaidi, msomaji achukue risiti yake ya LUKU na kugawa fedha kwa uniti. Asitumie manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa sababu hapo hukatwa kodi ya jengo na hesabu itapotoka.

Sasa tuchukue mwenye banda wa Magomeni. Nyumba yake iko D1 na inatumia uniti 60 kwa mwezi kwa taa, televisheni na friji ndogo, yaani Sh. 7,320. Ananunua grili ya wati 2,000. Anaiwasha saa tano kila jioni, siku 26 kwa mwezi. Kidhibiti joto kinawasha na kuzima, kwa hiyo tuseme koili inawaka theluthi mbili ya muda. Hiyo ni uniti 6.7 kwa siku, uniti 173 kwa mwezi.

Kichwani anapiga 173 mara 122 na kupata Sh. 21,000. Anafurahi. Lakini nyumba imetoka uniti 60 kwenda 233. Akibaki D1, uniti 75 za mwanzo ni Sh. 9,150, na 158 zilizobaki ni Sh. 67,466. Jumla Sh. 76,616. Anayezidi mara kwa mara huhamishiwa T1, na huko uniti zote 233, pamoja na zile za taa na friji, zinalipiwa Sh. 356, jumla Sh. 83,000 hivi. Ukitoa Sh. 7,320 alizokuwa akilipa zamani, grili imemgharimu kati ya Sh. 69,000 na Sh. 76,000 kwa mwezi. Alitegemea Sh. 21,000.

Tofauti hiyo haiandikwi kwenye boksi la jiko, na muuzaji wa Kariakoo hana sababu ya kuijua.

Kwa kilo ya nyama, hesabu inategemea sana wingi wa mauzo. Anayechoma kilo 15 kwa siku anachoma kilo 390 kwa mwezi, na kwa gharama ya T1 ni karibu Sh. 195 kwa kilo. Anayechoma kilo 5 hapati theluthi ya bili. Hata kama kidhibiti kitapunguza muda wa koili hadi nusu, yaani uniti 5 kwa siku, ongezeko la bili yake ni Sh. 60,000 hivi kwa kilo 130, ambayo ni zaidi ya Sh. 460 kwa kilo. Sehemu kubwa ya umeme wake inapasha moto chuma kitupu.

MKAA WA KILOSA SI MKAA WA DAR

Umeme huo ulinganishwe na nini? Si na bei ya gunia kwa ujumla, bali na fedha za mkaa anazotumia mfanyabiashara kwa siku moja ya kazi. Kwa mfano wetu wa kilo 15, mpaka uko kwenye Sh. 2,900 kwa siku. Anayeteketeza mkaa wa Sh. 4,000 kila jioni analipa Sh. 104,000 kwa mwezi, na umeme utamwokolea Sh. 28,000 hivi. Anayetumia mkaa wa Sh. 2,500 analipa Sh. 65,000, na umeme utamwongezea gharama.

Hapa mahali pana uzito. Kilosa ni wilaya inayotoa mkaa. Tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hii vimekuwa katika mpango wa mkaa endelevu ulioendeshwa na TFCG pamoja na MJUMITA, ambapo kijiji kinatenga eneo la msitu, kinakata kwa zamu na kupata ushuru wake. Mkaa unaouzwa Dar es Salaam umebeba nauli ya lori, ushuru wa njiani na faida ya madalali. Mkaa unaouzwa Magomeni umebeba sehemu ndogo ya hayo. Ndugu aliyeko Tandika au Manzese akisema grili imemwokoa, huenda anasema kweli kabisa, na hesabu yake isimfae mtu wa Kilosa hata kidogo.

Kwa hiyo apime mwenyewe siku tatu: siku ya kawaida, Jumamosi, na siku ya mvua ambapo mkaa umelowa na haushiki moto. Apime nyama kabla ya kuchoma, aandike mkaa ulioisha. Wengi watakuta kwamba mkaa mwingi hupotea mwanzoni na mwishoni: robo saa au zaidi ya kupepea kabla mkaa haujawa kaa jekundu, na kaa linaloendelea kuwaka baada ya mteja wa mwisho. Hapo umeme una ubora wa kweli. Unawashwa dakika kumi kabla, unazimwa papo hapo.

VOLTI ZA SAA MOJA USIKU

Umeme wetu ni wa volti 230, lakini mwisho wa laini, jioni, wakati kila nyumba imewasha, volti hushuka. Kwa taa ni usumbufu. Kwa jiko ni hasara, kwa sababu nguvu ya koili haishuki sambamba na volti, bali kwa mraba wake. Jiko la wati 2,000 likipata volti 200 linatoa kama wati 1,500. Likipata 180 linatoa wati 1,225, sawa na asilimia 61. Hapo nyama haichomeki, inachemka katika maji yake, inageuka kijivu, na mteja anasema huyu muuzaji ameharibika.

Kuwa jirani na mtambo hakusaidii. Kidatu, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, umeme unazalishwa tangu mwaka 1975, lakini volti za banda lako zinaamuliwa na transfoma ya mtaa wako na urefu wa waya kutoka kwenye nguzo.

Fundi mwenye mita ya kupimia apime soketi mara mbili: saa nane mchana, na saa moja hadi saa tatu usiku huku birika la umeme likiwa limewashwa. Usiku ikisoma chini ya 200, usinunue grili nyepesi ya bati au alumini nyembamba. Kifaa cha kupandisha volti kinachoweza kubeba wati 2,000 mfululizo si kile cha televisheni, na bei yake inaweza kukaribia ya jiko. Afadhali fedha hizo ziingie kwenye jiko lenye sahani nzito ya chuma cha kusubu. Linachelewa kupata moto, lakini likiwashwa saa kumi na moja jioni linakuwa na akiba ya joto, na nyama baridi ikiwekwa halipoi ghafla. Uzito wa sahani ni kipimo ambacho mnunuzi anaweza kukiona kwa mikono yake, bila kusoma karatasi yoyote.

Upande wa nyaya, jiko la wati 2,000 linavuta ampea 8.7. Plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13, karibu wati 3,000. Soketi inayohudumia friji, birika na grili kwa adapta moja itaungua. Dalili ni plagi ya moto na harufu ya plastiki, na ikifika hapo mambo yamechelewa. Jiko lipewe laini yake kutoka kwenye kisanduku cha saketi breka, waya wa milimita za mraba 2.5, na waya wa ardhi uliozikwa kweli, si ule uliofungwa kwenye bomba la plastiki ili fundi alipwe.

KUCHOMA NDANI

Kwa mwenye gesti au baa, faida ya kwanza ya umeme haiko kwenye bei ya nishati kabisa. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa wamelala. Umeme hauna hatari hiyo. Moshi wa mafuta utabaki, na dirisha litahitajika, lakini mgeni hataondoka na nguo zinazonuka.

Jiko linalofaa ndani ni lile la sahani mbili zinazofunikana. Linabana nyama juu na chini, muda unapungua karibu nusu, na joto lina njia chache za kutorokea. Kwa fizikia ya kawaida, kuivisha kilo moja ya nyama na kukausha robo ya uzito wake kunahitaji joto la karibu robo ya uniti. Jiko la kufunika linalofanya kazi mfululizo hutumia zaidi ya hapo, na lile la wazi hutumia zaidi tena. Tofauti hiyo ndiyo inayolipa bili.

Lina mapungufu. Kuku mwenye mifupa halikai sawa ndani yake, wala mbavu za mbuzi. Bawaba ya kifuniko iwe ya kupanda na kushuka, isiyo na kipimo kimoja, la sivyo vijiti vya mwisho vitatoka vibichi. Sahani zenye rangi ya kuzuia kugandia zinapendeza siku za kwanza, lakini kijana wa jikoni mwenye uma wa chuma atazichuna ndani ya wiki chache, na rangi hiyo huanza kuharibika ikipita nyuzi joto 260. Kwa matumizi ya biashara tunapendekeza chuma cha kusubu kinachopakwa mafuta, na chombo cha kukingia mafuta kinachotoka na kuoshwa.

Ladha je? Sehemu ya ladha ya nyama choma inatokana na mafuta yanayodondokea kwenye kitu cha moto, yakageuka moshi na kurudi kwenye nyama. Jiko la kufunika halina hilo. Grili ya wazi, yenye koili chini ya nondo, inalo kidogo. Kwa hiyo mishikaki, soseji, samaki mdogo, mkate wa nyama na kifua cha kuku vitakubalika kutoka jiko la kufunika. Mguu wa mbuzi wa Jumamosi usiku hautakubalika, na mteja hatasema kwa mdomo, atahamia baa ya pili.

Yapo pia majiko yanayochoma kutoka juu. Ni ya hoteli zinazogeuza rangi ya chakula kilichokwisha kuiva. Mfanyabiashara mdogo ayaache.

KUCHOMA NJE

Nje, umeme una maadui watatu, na wa kwanza ni upepo. Grili ya wazi ikiwekwa kibarazani penye upepo, kidhibiti joto hakizimi kamwe. Koili inawaka saa tano kati ya tano, uniti 10 badala ya 6.7, na nyama bado inachelewa. Ukuta wa bati pande tatu, usiogusa jiko, unaokoa fedha nyingi kuliko kubadilisha aina ya jiko.

Wa pili ni maji. Kilosa ni mji unaojua mvua. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa reli na kuwahamisha watu. Grili nyingi zinazouzwa ni za ndani tu, hata kama picha kwenye boksi inaonyesha bustani. Ya nje huwa na alama ya IPX4, maana yake inavumilia kurushiwa maji. Isiyo na alama hiyo ikae chini ya paa, na vyovyote iwavyo laini yake iwekewe swichi inayokata umeme unapovuja, ya milliampea 30. Swichi hii si saketi breka ya kawaida. Saketi breka inalinda waya usiungue. Hii inamlinda mtu aliyesimama kwenye tope akiwa ameshika koleo la chuma.

Wa tatu ni waya wa kuongezea. Tuchukue waya mwembamba wa milimita 0.75, urefu wa mita 20. Ukibeba grili ya wati 2,000 unapoteza karibu volti 9, na wati 75 zinaishia kuupasha moto waya wenyewe. Wa milimita 2.5 unapoteza volti chini ya 3. Na waya ulioachwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake hauwezi kupoa. Ukunjuliwe wote, hata kama ni mita mbili tu zinazohitajika.

Kwa haya yote, kwa mwenye banda la wazi Magomeni anayechoma chini ya kilo 10 kwa siku na kupata mkaa kwa bei ya Kilosa, tunaona hakuna haraka ya kununua. Jiko bora la mkaa lenye udongo ndani na ukuta wa kuzuia upepo litampunguzia gharama mapema zaidi, kwa mtaji mdogo zaidi.

MIKUMI NA DAKIKA ZA BASI

Mikumi ni biashara nyingine. Mteja wake mkubwa ana dakika chache tu kabla dereva hajapiga honi, na anayemkosa hamwoni tena. Hapa kinachouzwa ni kasi, na bei ya uniti inakuwa jambo la pili. Mtaalamu wa mkaa ana ladha, lakini basi likifika na makaa yamelala, mauzo ya abiria hamsini yamepotea.

Mpango tunaouona una mantiki ni wa kuchanganya. Nyama kubwa ibaki kwenye mkaa, ikachomwa hadi kuiva kabisa. Jiko la umeme la sahani bapa au la kufunika litumike kuirudishia moto na kuikausha kwa dakika mbili au tatu mteja anapoagiza, na kuchoma mishikaki iliyokatwa midogo. Tunasema kuiva kabisa kwa makusudi. Nyama iliyochomwa nusu ikaachwa vuguvugu mezani ikisubiri basi ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana. Kinachosubiri kikae juu ya nyuzi 60 au kiwe kwenye friji, na kuku afikie nyuzi 74 ndani, karibu na mfupa. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama ni kifaa cha bei ndogo, na duka linalouza grili huwa nacho mara nyingi.

Kwa mwekezaji mwenye mtaji zaidi kuna kabati la kuzungusha kuku. Linauza kwa macho: abiria anaona kuku wakizunguka kabla hajashuka. Lakini mengi huanzia wati 3,000 na kuendelea, nje ya uwezo wa plagi ya kawaida, na yenye nafasi nyingi yanaweza kuhitaji umeme wa fezi tatu. Ombi la kuongezewa fezi lina gharama na muda wake TANESCO, na liulizwe kabla ya kulipia kabati. Aidha, kabati lenye nafasi ya kuku 12 likizungusha kuku wanne linakula karibu umeme ule ule. Aanze na lenye nafasi chache, alijaze mara mbili kwa siku.

Na umeme ukikatika? Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 umepita, lakini nguzo huanguka na transfoma huungua. Jenereta ndogo ya taa haitabeba koili ya wati 2,000. Jiko la mkaa lisiuzwe.

WAKATI WA KUNUNUA

Kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya kuvutiwa na kifuniko kinachong'aa. Volti ziwe 220 hadi 240. Katika bidhaa za mitumba hupatikana majiko ya Marekani ya volti 120 na ya Japani ya volti 100. Ukilichomeka la 120 kwenye umeme wetu, linavuta karibu mara nne ya nguvu yake na kuungua siku hiyo hiyo. Wati zisomwe pia: chini ya 1,600 kwa kazi ya biashara ni kuchezea muda. Alama ya TBS itafutwe.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: koili yake inapatikana, na kwa bei gani? Koili ndiyo inayokufa. Jiko ambalo koili yake hutolewa kwa skrubu mbili na kupatikana Morogoro mjini lina thamani kuliko la kifahari lililofungwa moja kwa moja. Risiti ya mashine ya kodi itunzwe, kwani bila hiyo waranti ni maneno.

Kwa mtaji, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Kikundi kinachoomba kwa ajili ya grili kiandike kwenye andiko lake gharama ya laini mpya ya umeme na swichi ya usalama. Vinginevyo jiko litafika na kuwekwa kabatini kwa kukosa soketi. Na marejesho yapangwe kwa mfano wa akiba halisi. Kama umeme unaokoa Sh. 28,000 kwa mwezi, jiko la Sh. 280,000 linajilipa kwa miezi kumi, si mitatu, na hapo koili iwe haijafa.

Anayenunua lililotumika aliwashe dukani dakika ishirini, kwenye soketi yenye swichi ya kukata umeme unaovuja. Koili iliyoingiwa na unyevu huikata swichi hiyo ndani ya dakika za kwanza. Ikikatika mara ya kwanza, koili inaweza kukauka na kupona. Ikikatika mara ya pili, bei ya koili mpya ipunguzwe kwenye bei ya jiko.